Viatu Vyenye Uzi wa Waridi

Asubuhi ile mzunguko wa Wongwian Yai, jijini Bangkok, ulikuwa umefurika. Mvua ilikuwa imeacha madimbwi kila mahali, magari yamegandana, wauza samaki wanagombana na wauza maua, na kila mtu anataka kuwahi kazini huku hakuna anayempisha mwenzake. Chompu alikuwa ameegesha pikipiki yake pale kijiweni, helmeti kichwani, kizibao cha rangi ya chungwa kimefungwa mpaka shingoni, anamalizia mshikaki wake wa nguruwe na wali wa kunata. Mara mtu akarukia kiti cha nyuma bila hata salamu.

Springi zikadidimia kidogo, tena zaidi upande wa kulia. Chompu hakugeuka. Kubeba watu mwaka baada ya mwaka kulikuwa kumemfundisha kumjua abiria kwa uzito wake kabla ya kumwona sura, na hilo alijivunia waziwazi.

"Wewe ni mwembamba, hujala tangu jana, na begani una mfuko wa vyuma," alisema. "Ukinivunjia springi utanunua nyingine."

Abiria akacheka, kisha akaisikia vizuri ile sauti ndani ya helmeti, akashtuka. "Kumbe ni dada. Samahani, nilidhani..."

"Ulidhani nini? Sema tu."

"Nilidhani nataka kufika haraka. Sasa sina haraka tena."

Chompu akawasha moto. Alitabasamu, lakini faida ya helmeti ni kwamba tabasamu lako unabaki nalo mwenyewe. Akapenya katikati ya mabasi, akavuka daraja, akamshusha mtaa wa wauza dhahabu, na hapo ndipo alipomtazama vizuri. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi mpaka mikunjo inakata, uso wa mtu mpole, na miguuni viatu vilivyochoka kabisa, soli ya kimoja imefungua mdomo. Jina lake Thawin. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sefu za matajiri wa mtaa ule. Zile za usiku, za kufungua sefu ambazo hakuitwa kuzitengeneza, hakuzitaja siku hiyo.

Chompu naye hakuwa malaika, tusidanganyane. Kabla ya kukutana na Thawin alikuwa ameshaendesha pikipiki katika kazi kadhaa za Mjomba Prung, rafiki wa marehemu baba yake, mzee mnene mwenye maneno matamu aliyekuwa akipanga wizi kama wengine wanavyopanga harusi. Mwendeshaji mwenye kizibao cha chungwa katika Bangkok haonekani. Wako maelfu, na polisi akimtafuta mmoja anawaona wote.

Thawin akaanza kupiga simu. Alikuwa amemzidi Chompu miaka michache, basi akawa Kaka Thawin na Chompu akawa Mdogo wangu, kama wapenzi wa mji ule wanavyoitana. Ila Chompu alikuwa na lake: akipenda, ni Kaka, akikasirika, ni Thawin kavu.

"Mdogo wangu, uko wapi?"

"Natafuta riziki. Wewe uko wapi?"

"Nyumbani. Nataka kwenda stesheni."

"Stesheni si ile iliyo mbele ya mlango wako? Ukipiga chafya umeshafika."

"Ndiyo hiyohiyo. Njoo unipeleke."

Akaenda. Angefanya nini, na moyo ulikuwa umeshatangulia?

Ikawa hivyo miezi. Walikula tambi za bata kwenye kibanda cha kona, wakapita sokoni kuchagua mashati, wakacheka mpaka watu wa meza ya pili nao wakacheka bila kujua sababu. Siku ya kuzaliwa kwa Thawin, Chompu alimnunulia viatu vya ngozi ya kahawia, vya kamba. Alichagua vya kamba kwa makusudi, kwa sababu hekaluni watu huacha viatu nje na wezi wa viatu hawana subira na mafundo. Tena akavishonea uzi wa rangi ya waridi kisiginoni, mshono mdogo wa msalaba, visije vikabadilishwa. Ndivyo alivyofanya kwa kila kitu chake. Kizibao chake kilikuwa na uzi ule, kiti cha pikipiki kilikuwa nao, hata taulo lake. Pale kijiweni walimtania kwamba akifa watamzika na kibiringo cha uzi.

Alipomvalisha vile viatu aliona kwamba kidole cha pili cha mguu wa Thawin kimekipita kidole gumba. "Hiki kinataka ubosi," akasema, akakifinya. Thawin akamwambia hakuna mtu aliyewahi kumnunulia kitu kipya, vyote alivyovaa utotoni vilikuwa vya kaka zake. Akavivaa akatembea navyo chumbani kama bwana harusi, na Chompu akampenda pale pale kwa mapenzi ambayo hayana marekebisho.

Kilichobaki ilikuwa ndoa, na ndoa ilikuwa na sinia. Mama yake Chompu, kule Nong Khai, alitaka dhahabu ipangwe juu ya sinia mbele ya majirani, maana binti wa jirani alipangiwa na kila mtu aliiona. Thawin hakuwa nayo. Mjomba Prung akaleta wazo.

Kulikuwa na tajiri wa dhahabu ng'ambo ya mto, Bwana Heng, na sefu yake Thawin alikuwa ameitengeneza kwa mikono yake. Siku ya kuzuru makaburi, Bwana Heng na ukoo mzima hupanda magari kwenda Chonburi na nguruwe wa kuchoma na pesa za karatasi za kuwachomea mababu. Hawarudi mpaka alasiri. Mchana mweupe, nyumba tupu. Prung na Thawin wangeingia kama watu wanaopeleka zawadi hekaluni, na ile ndoo ya manjano ya sabuni, mishumaa na majani ya chai ambayo kila mtu huibeba bila kuulizwa. Chompu angengoja kichochoroni. Thawin alikubali kwa sharti moja, kwamba hiyo iwe ya mwisho. Chompu akasema na kwake ni ya mwisho, na wote wawili walimaanisha.

Siku ikafika. Chompu akakaa juu ya pikipiki, injini inaunguruma, macho kwenye lango la nyuma. Alingoja kwa raha, hana wasiwasi, anapiga mluzi, kwa sababu katika kazi hakuna aliyefungua sefu kwa utulivu kuliko mtu wake.

Lango likafunguliwa. Akatoka Prung peke yake, jasho linamtiririka, ndoo ya manjano mkononi. Akajitupa nyuma ya pikipiki. "Twende."

"Thawin yuko wapi?"

"Thawin katoka nduki na mzigo, kapita paa la jirani. Katuingiza mkenge, mwanangu. Na ndani kuna mtu, anapiga kelele. Twende, twende."

Kweli kulikuwa na sauti ya mtu ndani. Chompu akalitazama lango kwa kitambo kilichomtosha kuvunjika moyo, kisha akaondoa pikipiki. Springi zilikuwa zimedidimia mno. Alilihisi hilo mwilini, lakini kichwa kilikuwa kimejaa moto na hakulishughulikia.

Alipiga simu ya Thawin mpaka kidole kikauma. Haikupatikana. Akaenda kwenye chumba chake, akakuta kufuli. Hapo ndipo jina likawa Thawin kavu.

Kesho yake mchana watu wote wa kijiwe walikuwa kwenye kibanda cha tambi, macho kwenye televisheni. Wakaonyesha nyumba ya Bwana Heng. Kumbe mama yake, Bibi Ngek, hakwenda makaburini. Magoti yalikuwa yamegoma kupanda kilima, akabaki amelala kwenye mkeka nyuma ya pazia la chumba cha ibada, na sefu ilikuwa humo humo chini ya madhabahu. Wakamweka bibi mbele ya kamera. Akasema mwizi alikuwa kijana mwenye adabu sana, kwani kabla ya kuingia mbele ya Buddha alivua viatu.

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Mwizi kavua viatu. Yupo aliyepaliwa na supu. Kisha kamera ikasogea karibu na vile viatu, vya ngozi ya kahawia, vya kamba, vilivyowekwa sambamba mlangoni, na kisiginoni pakaonekana mshono mdogo wa msalaba wa rangi ya waridi.

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyemtazama Chompu, na kule kutomtazama kulikuwa kubaya kuliko kumtazama. Samruai, mkuu wa kijiwe, akainuka taratibu akabadilisha kituo, wakawekewa ndondi. Baadaye alimvuta Chompu kando. Akamwambia wenzake hawakuona kitu na hawataona, lakini polisi wanapita na picha kwenye mabanda ya viatu, na yule mama aliyemuuzia ana mdomo. Akamshauri aufumue uzi wa kwenye kizibao. Chompu akakataa. Alisema mtu akianza kufumua, watu ndio wanaanza kuangalia.

Prung naye akapiga simu, sauti imejaa huruma.

"Mwanangu, nenda kamtaje. Kakuuza, na wewe muuze. Ukiwahi kusema wewe, watakuacha. Ukichelewa, viatu vitasema badala yako."

"Nitafikiri, Mjomba."

"Unafikiri nini? Bado unampenda?"

"Nataka kumwona uso kwanza," Chompu alisema. "Nikishamwona, nitajua la kufanya." Akakata simu. Alikuwa na hasira ya kumtosha mtu kuvunja mlango, lakini neno la kumpeleka mpenzi wake gerezani alitaka kulisema akiwa amemtazama machoni. Mlango wa gereza ulikuwa wazi kwa mmoja wao, na hakuwa tayari kuchagua nani aingie kwa kusikia hadithi ya mtu mwingine.

Alipata alichotaka mapema kuliko alivyotegemea. Asubuhi moja alikuwa amembeba mwalimu, amekwama nyuma ya mkokoteni wa nazi, na watawa wa hekalu la mtaani walikuwa wakipita kupokea sadaka ya chakula, wamepangana mstari, bakuli mikononi, macho chini, miguu mitupu. Tangu siku ile ya televisheni Chompu alikuwa na ugonjwa wa kutazama miguu ya watu. Akatazama na hii. Mzee, mzee, kijana, mnene. Mtawa wa mwisho alikuwa amefungwa kitambaa unyayoni, na kidole chake cha pili kilikuwa kimekipita kidole gumba.

Akamwomba radhi mwalimu, akamwambia ashuke hapo hapo na asilipe. Akanunua wali na mchuzi kwa mama wa pembeni, akavua viatu, akapiga magoti barabarani mbele ya mtawa yule. Hana nywele, nyusi nazo zimenyolewa kama za watawa wote wa huko, joho la manjano, ngozi imepauka. Uso ule usio na nyusi ulimfanya kama yai. Lakini ni yeye. Chompu akatia chakula kwenye bakuli kwa uangalifu, asimguse, na akasema kwa sauti ya chini:

"Dhahabu umeila yote, sasa umekuja kuomba na wali?"

Mtawa hakuinua macho. "Dhahabu gani?" alisema. Kisha akaongeza: "Mbona uliniacha?"

Wakatazamana. Mtawa wa mbele akakohoa, mstari ukaanza kwenda, na Thawin akawahi kusema kwamba baada ya chakula atakuwa kwenye banda la kengele.

Mtawa haruhusiwi kukaa na mwanamke peke yao. Basi walikaa watatu, Thawin juu ya jukwaa dogo, Chompu chini kwenye mkeka, na kati yao Mtawa Mkuu, mzee aliyekuwa mwalimu wa Thawin alipokuwa kijana na kuvaa joho msimu mmoja kwa ajili ya thawabu za mama yake. Mzee alikuwa amefumba macho na kukoroma kwa mpango maalumu.

"Anza wewe," Chompu alisema. "Na usinifiche, maana leo sikuja na uvumilivu."

Thawin akaeleza. Alifika kwenye mlango wa chumba cha ibada, akainama kufungua kamba za viatu. Prung alimtukana, akamwambia apite navyo. Hakuweza. Angeweza kuiba mbele ya Buddha, jambo ambalo mwenyewe aliliona ni la aibu, lakini kumkanyagia na viatu hapana, miguu iligoma kabisa. Akafungua sefu, akamwaga dhahabu kwenye ndoo, akaipitisha dirishani kwa Prung aliyekuwa kwenye roshani. Hapo ndipo bibi kizee alipoinuka nyuma ya pazia, akashtuka, akaanguka. Prung akaondoka. Thawin alirudi kumnyanyua bibi, akamkalisha, akampa maji, na bibi akawa anapiga kelele na kumshukuru kwa zamu. Alipotoka kwa lango la nyuma, miguu mitupu, amekanyaga kigae kilichovunjika, kichochoro kilikuwa kitupu.

"Nilisimama pale kama mwehu," alisema. "Nikajisemea, amekwenda na dhahabu na amekwenda na Prung. Nikaitupa simu mferejini nisije nikasikia sauti yako ukinidanganya. Kisha nikaja hapa kujificha, mwalimu wangu akaninyoa."

Chompu alikuwa amefumba macho, amerudi kwenye kichochoro kile, mikono kwenye usukani, na alikuwa anazihisi zile springi. Alikuwa amembeba Prung mara nyingi na aliujua uzito wake. Siku ile pikipiki ilikuwa imekaa chini kuliko uzito huo.

"Ndoo," alisema. "Niliibeba mimi mwenyewe. Ilikuwa nyuma yangu, Kaka, nami nimeona hasira tu."

Aliposikia lile neno Kaka, Thawin akainamisha kichwa na machozi yakamdondokea johoni. Chompu naye akalia, waziwazi, bila kujificha, mkono wake umenyooshwa kwenye mkeka mpaka pale anaporuhusiwa na si zaidi. Walikuwa karibu kiasi cha kusikiana pumzi na hawakuweza kushikana hata kidole.

"Nitakwenda polisi," Thawin alisema. "Viatu ni vyangu. Wewe uzi wako hautakuwa na kesi."

"Utakwenda mikono mitupu, useme mimi ni mwizi lakini dhahabu sinayo? Watakufunga mpaka kidole hicho kiote mvi. Tulia." Alijipangusa uso kwa kizibao. Wazo lilikuwa limeshamjia, na wazo likimjia Chompu hukaa vizuri kama abiria mwenyeji. "Kaka, zawadi aliyopewa mtawa, mtoaji anaweza kuidai?"

"Hapana. Ikishapokelewa imepokelewa."

"Basi."

Mtawa Mkuu akafungua jicho moja. "Kesho kutwa ni siku ya ibada," alisema. "Watu huwa wengi." Akalifumba tena, akaendelea kukoroma.

Chompu alimpigia Prung akilia kilio cha kuigiza ambacho kilimtoka bila shida. Alimwambia yule mama wa viatu amemtaja, kwamba anakimbilia kwa mama yake Nong Khai, na kwamba akikamatwa peke yake hana uhakika mdomo wake utamtaja nani. Bora waondoke pamoja, basi moja. Prung akafikiri kidogo, akasema na yeye alikuwa amepanga kupumzika upande wa kaskazini. Amchukue saa nne asubuhi.

Alimkuta amevaa shati jeupe la hekaluni, nywele zimepakwa mafuta, ndoo ya manjano mapajani, juu yake sabuni na chai na karatasi ya plastiki imefungwa kwa utepe. Alieleza kwamba watu wenye ndoo polisi hawawasimamishi. Akapanda. Springi zikadidimia, mpaka pale pale pa siku ile.

"Umenenepa, Mjomba," Chompu alisema.

"Mawazo, mwanangu. Nikiwa na mawazo nakula."

Chompu akasema barabara kuu wanakagua, akakata kushoto, akakata kulia, akaingia kwenye lango la hekalu kwa mwendo wa kujiamini na kusimama katikati ya uwanja. Watu walikuwa wamejaa, mabibi wa mtaa na kanga zao za hariri mabegani, watoto, moshi wa udi, kipaza sauti kinakwaruza. Sajini Wirot wa kituo cha karibu alikuwa anapanga magari, kama afanyavyo kila siku ya ibada, kwa sababu mabibi humpa keki. Chompu akateremka, akavua helmeti, na akaita kwa sauti ya sokoni:

"Jamani, mjomba wangu ameleta sadaka, mnisaidie, ana mgongo."

"Unafanya nini wewe?" Prung alinong'ona.

"Nakutafutia thawabu."

Mabibi watano walikuwa wameshamzunguka. Katika mji ule unaweza kumkatalia mtu mkopo, unaweza kumkatalia mchumba, lakini huwezi kusimama hekaluni na ndoo ya manjano ukasema hukuja kuitoa. Sajini akaja mwenyewe kubeba. Akaiinua, akaguna, akamuuliza mzee ameweka nini humu, matofali? Prung akacheka kicheko kilichokauka. Wakamsukuma kwa upole mpaka kwenye ngazi za ukumbi, akavua viatu kama wengine, akapanda, akapigishwa magoti. Ndoo ikawekwa mikononi mwake. Akainua macho amtazame mtawa wa kuipokea, na akaona uso usio na nyusi aliokuwa akiujua.

Prung aliing'ang'ania ndoo. Watu walidhani ni uchaji. Thawin akaivuta kwa utulivu ule ule wa kufungua sefu, na Prung, mbele ya macho mia, akaachia.

"Imepokelewa," Thawin alisema. Akafungua utepe, akaweka pembeni sabuni, akaweka pembeni chai, kisha akainua mkufu mmoja wa dhahabu ukafuatwa na mwingine. "Sadaka hii ina mwenyewe. Niliiba mimi, pamoja na huyu. Namwomba radhi mwenyewe."

Mstari wa mbele, kwenye kiti cha wenye magoti mabovu, Bibi Ngek, aliyealikwa na Mtawa Mkuu, akamnyooshea kidole. "Ndiye huyo," alisema kwa furaha. "Yule kijana mwenye adabu."

Prung akakurupuka. Alifika kwenye ngazi kabla ya sajini kuelewa kinachoendelea, na pengine angefika langoni, lakini chini ya ngazi kulikuwa na bahari ya viatu na vyake havikuwemo. Akainama, akapekua, akajaribu cha mtu. Saruji ya uwanja ilikuwa imechomwa na jua tangu asubuhi. Akaruka hatua tatu, akarudi akipiga mayowe, akaruka tena. Chompu alikuwa amekaa juu ya pikipiki, viatu vya mjomba wake mapajani, anamtazama tu. Sajini Wirot akamkamata akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Huko kituoni Prung alimtaja Chompu kila alipopewa pumzi. Bibi Ngek akawaambia polisi kwamba binti aliyemleta mwizi na mali mpaka miguuni pa polisi, wakimfunga, yeye hatatoa ushahidi hata wa jina lake. Bwana Heng alikuwa amepata dhahabu yake na hakutaka kelele za mama yake. Wakamhoji Chompu mpaka jioni, wakamwandika kuwa shahidi.

Thawin alikuwa ameshavua joho mbele ya Mtawa Mkuu kabla ya kutiwa pingu. Alikaa kwenye benchi amevaa fulana ya kuazima, kichwa kinang'aa. Sajini akaleta vile viatu ndani ya mfuko, akasema lazima avijaribu mbele ya mashahidi. Pingu zikamsumbua. Chompu akapiga magoti, akamvalisha kimoja, akamvalisha cha pili, akafunga kamba. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu siku ile, na hakuna aliyethubutu kumwambia afanye haraka.

"Vimemtosha," sajini aliandika.

"Mdogo wangu," Thawin alisema, "sina sinia. Sina hata nyusi. Nikitoka, utakubali nikuoe hivyo hivyo?"

"Mama yangu atazimia."

"Na wewe?"

Chompu alikuwa bado ameshika kifundo cha mguu wake. "Ukitoka usinitafute kwa simu," alisema. "Nitakuwa nje ya lango, nimegeukia barabarani. Wewe panda tu. Nitakujua."

Thawin alihukumiwa, kifungo kikapunguzwa kwa kuwa alirudisha mali na alikiri. Chompu hakuwahi tena kumwendeshea mtu kazi isiyokuwa ya halali, na uzi wa waridi hakuufumua. Mama yake alizimia, akazinduka, akazoea.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Alifika mapema, akaegesha mbele ya lango la gereza, akageukia barabarani, helmeti kichwani, mikono kwenye usukani. Akasikia chuma kikifunguliwa nyuma yake. Akasikia viatu vya ngozi vikija juu ya kokoto, polepole, kisha haraka. Hakugeuka. Mtu akapanda. Springi zikadidimia kidogo tu, sawasawa pande zote, kwa kuwa safari hii begani hakukuwa na vyuma.

"Umekonda, Kaka," Chompu alisema ndani ya helmeti, na mikono miwili ikamzunguka kiunoni. Akawasha moto.